Piano ya bure au ya kulipia? Unacholipia ni mguso, na studio nyingi za nyumbani hazigusi

Swali la piano gani ya kompyuta nitumie, yaani plagini inayotoa sauti ya piano ndani ya programu ya muziki, halijawahi kuisha, kila prodyuza anayeanza lazima aliulize, na majibu yanajulikana kabla hajamaliza kuuliza. Mmoja anasema chukua Keyscape ya kulipia hamna mjadala, mwingine anasema FL Keys inayokuja ndani ya programu ya FL Studio inatosha acha kuhangaika, wa tatu anatuma linki ya krak, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa leseni. Mi naona tatizo liko kwenye namna watu wanavyozilinganisha. Mtu anavaa hedifoni, anabonyeza noti moja moja, anasikiliza ipi ina sauti tamu halafu anaamua. Ukisikiliza hivyo, piano za bure za sasa hivi nyingi zinatoka sare na za kulipia na kuna wakati zinashinda kabisa. Pesa haijaenda hapo. Pesa imeenda kwenye mguso, yaani ukibonyeza kwa upole inajibu vipi, ukigonga kwa nguvu inabadilika vipi, ukikanyaga pedeli kunatokea nini, ukiachia kidole sauti inakufa kwa staili gani. Na studio nyingi za nyumbani huku kwetu huo mguso hazina habari nao, noti zinaandikwa kwa mausi.

Ngoja nieleze zinavyotengenezwa maana bei yote inatokea hapo. Aina iliyojaa sokoni ni ya sampo: jamaa wanachukua piano halisi, wanaweka maiki, wanarekodi kila kibonye kikigongwa kwa nguvu tofautitofauti, kuanzia kuguswa kidogo tu mpaka kupigwa kwa hasira. Kila kiwango cha nguvu ni tabaka lake. Piga hesabu: vibonye 88, matabaka 16, kila rekodi iache iimbe sekunde 15, stirio ya biti 24 kwa 48 kHz, unafika kama GB 6, na hapo hujarekodi pedeli wala hujaongeza maiki nyingine. Ukiweka maiki seti tatu umefika karibu 18. Ndo maana Keyscape ya Spectrasonics inakula GB 77 ukiiweka yote, ingawa hiyo ina vinanda vingi ndani na siyo piano moja, na Garritan CFX iliyorekodiwa Abbey Road kule London inavuka GB 100 kwa piano moja tu ya Yamaha. Mtu aliyekaa siku nzima kwenye chumba cha kukodi akigonga kibonye kimoja kimoja, halafu mwingine akakaa miezi anasafisha kelele za kiti na nyaya, hao lazima walipwe, sina ugomvi na bei zao.

Sasa angalia upande wa bure, tuchukue Salamander Grand Piano. Ni Yamaha C5, aliirekodi Alexander Holm kwa maiki mbili za AKG C414 zikiwa juu kidogo ya nyuzi, ina matabaka 16, na baadaye akaiachia iwe mali ya umma kabisa, yaani fanya nayo unachotaka hata uiweke kwenye tangazo la biashara hakuna atakayekudai. Matabaka 16! Kuna piano za kulipia hazifiki hapo. Sasa ilibana wapi? Ilibana kwenye vibonye. Haijarekodiwa kila kibonye, imerekodiwa kimoja kila baada ya viwili, kwahiyo ni kama vibonye 30, na hivyo vingine programu inavuta rekodi ya jirani juu au chini nusu toni. Ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwenye wimbo hutasikia kitu. Ukicheza skeli taratibu kibonye kwa kibonye kwenye hedifoni nzuri, utaanza kusikia rangi ya sauti inaenda kwa makundi ya tatu tatu. Hiyo ndo tofauti halisi, ndogo, ya kiufundi, na ina sehemu yake inapouma na sehemu isipouma.

Turudi kwenye mausi, maana hapa ndo moyo wa hoja yangu. Ukichora noti kwenye piano rol ya FL Studio, ile gridi ya kuchorea noti, bila kugusa chochote, velositi yake, yaani namba ya nguvu ya kugonga, inakaa 100 kati ya 127. Noti ya kwanza 100, ya pili 100, kodi nzima 100, bezi 100, wimbo wote dakika tatu na nusu 100. Kama piano yako ina matabaka 16 yaliyogawanywa sawasawa, hiyo 100 inaangukia tabaka la 13. Basi. Hayo mengine 15 hujawahi kuyasikia, hujui hata yakoje, umenunua jengo la ghorofa 16 unaishi la 13 tu na lifti haijawahi kutumika. Halafu unasema piano ya bure inasikika kama mashine na ya kulipia iko hai. Zote zitasikika kama mashine, kwa sababu wewe ndo umeziambia zigonge kibonye kilekile kwa nguvu ileile mara 400, na hakuna mpiga piano duniani anayepiga hivyo.

Jaribu hivi leo usiku na piano yoyote uliyonayo. Chukua kodi ya C, noti ya juu ambayo ndo inabeba melodi iweke 92, ya chini 80, zile za katikati zishushe mpaka 60 au hata 55. Kodi inayofuata badilisha kidogo, usirudie namba zilezile. Kisha usiziache zote zianze kwenye mstari mmoja, bonyeza Alt na S ile ya kuzisogeza kidogo kama mkono unavyotua, lakini kidogo sana, ukizidisha inakuwa gitaa. Ipo pia Alt na R ya kubahatisha velositi, inasaidia ila isikufanyie kazi yote, maana mpiga piano habahatishi, noti anayoisisitiza anaisisitiza kwa sababu. Ukimaliza sikiliza tena ile FL Keys uliyokuwa unaidharau. Halafu weka Salamander kwa kutumia sforzando, programu ya kufungulia sampo ambayo nayo ni ya bure, usikie kodi ileile inavyofunguka. Nina uhakika kabisa robo tatu ya malalamiko kuhusu piano za bure yanaishia hapa.

Na ukiweza achana na mausi. Kibodi kubwa ya gharama siyo lazima. Makanisa mengi yana zile Yamaha PSR, na zile za E nyingi zina tundu la USB na zinahisi nguvu ya kidole, unachomeka kwenye laptopu inakuwa kontrola tayari, kaongee na kiongozi wa kwaya akuazime siku za katikati ya wiki. Angalia tu usichukue zile za chini kabisa kama PSR-F51, hiyo haina mguso, ugonge upapase ni sauti moja. Ukipata na pedeli ya kukanyaga hata ya bei ya chini, tayari una vitu viwili ambavyo hakuna plagini ya dola 400 itakayokupa.

Sasa kuna kazi ambazo piano ya kulipia inastahili kila senti na lazima niseme ukweli huo. Niliwahi kukaa kwenye sesheni ya kwaya, mpiga kinanda wao alikuwa hodari wa kweli, anaanza wimbo wa kuabudu peke yake bila ngoma bila bezi, karibu dakika nzima, mguu uko kwenye pedeli, mkono wa kushoto unashuka chini kabisa halafu kulia anapapasa tu juu. Tulikuwa na piano ya bure yenye matabaka machache, na kila alipotoka kwenye upole kwenda kwenye nguvu ulisikia kabisa ngazi, yaani sauti haipandi, inaruka. Pedeli ikikanyagwa ilikuwa inashika noti tu, ule mvumo wa nyuzi nyingine kuitikia haukuwepo, na piano halisi pedeli ikiwa chini nyuzi zote ziko wazi zinaitikia kila kinachopigwa. Yule bwana hakuwa anajua lolote kuhusu sampo na matabaka, alisema tu mdogo wangu hiki kinanda hakinisikii. Hakuna aliyewahi kuniambia tofauti ya bure na kulipia kwa usahihi kuliko hivyo. Tulibadilisha tukaweka ya kulipia na akapiga wimbo tofauti, siyo sauti tofauti, alipiga tofauti, akaanza kuachia nafasi ambazo mwanzo alikuwa anazijaza kwa sababu noti zilikuwa zinamfia mapema.

Kwahiyo ukiwa unafanya gospo ya piano peke yake, muziki wa filamu, balada ambayo sauti ya mwimbaji imeegemea piano tu, au una mteja anayepiga kweli, nunua. Kama piano yako iko katikati ya kiki, bezi, hai-hati, gitaa mbili na sauti nne za nyuma, na kwenye miksi umeshaikata chini yote hadi 200 Hz ili isigombane na bezi, ule mvumo wa nyuzi ulioulipia umeutupa mwenyewe kwa ikiu, kile kifaa cha kukata na kuongeza masafa.

Kuna kitu kingine watu hawakipimi, chumba. Sehemu kubwa ya bei za hizi piano ni chumba. Noire ya Native Instruments ni piano ya mpiga piano Nils Frahm, imerekodiwa Saal 3 pale Funkhaus Berlin, ukumbi mzuri ajabu. CFX nimeshasema ni Abbey Road, Studio One. Maiki ziko karibu, ziko mbali, unachanganya unavyotaka, stirio pana mpaka unahisi umekaa kwenye benchi la piano. Ni tamu. Ila wimbo wako utasikilizwa wapi? Spika ya simu, spika ya bluetuthi ya kinyozi, redio ya daladala au matatu ambayo sijui kama spika zote mbili zinafanya kazi. Spika moja maana yake ni mono, na stirio pana ya maiki mbili zilizo mbali ukiibana iwe mono kuna masafa yanajikata yenyewe, piano inakonda, wakati mwingine inabaki kama imefunikwa na blanketi. Nimesikia nyimbo nzuri za piano ghali zikipotea hivyo. Kabla hujanunua chochote kwa sababu ya upana wake, bonyeza kitufe cha mono kwenye masta usikilize kilichobaki. Piano nyingi za bure zilizorekodiwa kwa maiki mbili za karibu zinavuka huu mtihani bila shida.

Halafu LABS ya Spitfire Audio, ile Soft Piano, bure kabisa na naiheshimu. Imenaswa kwa upole, ina ile sauti ya kitambaa kati ya nyundo na nyuzi, unasikia mpaka mashine ya piano inavyochezacheza ndani. Kwa intro za kusikitisha, kwa lofai, kwa tangazo la taasisi, weka hiyo umemaliza. Usiiombe ipige kwa nguvu kwa sababu haikuumbwa kwa hilo. Hapa ndo piano za bure ziko imara kuliko zote: zile zenye tabia moja iliyofanywa vizuri. Zinazojifanya zinaweza kila kitu kwa MB 100 ndo zinakuangusha.

Nije kwenye laptopu zenyewe, maana uchambuzi mwingi unaosomwa mtandaoni umeandikwa na watu wenye mashine za ndoto. Huku laptopu ya kawaida ya prodyuza anayeanza ni ile iliyotumika ya ofisini, RAM 4 au 8, diski ya kuzunguka. Piano ya GB 70 inasomwa kutoka kwenye diski wakati unapiga, kila noti kila tabaka linafuatwa kule, na diski ya kuzunguka haikimbii hivyo, kwahiyo unapata kukatika na mikwaruzo, unapandisha bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inaiandaa kabla ya kuitoa, mpaka 1024, na bafa ya 1024 kwa 44.1 kHz ni kama milisekunde 23 za kuchelewa, unabonyeza halafu unasubiri. Hapo mguso wote ulioulipia umeshakufa, kwa sababu mpigaji hawezi kuhisi kitu kinachomjibu kwa kuchelewa. Bafa ya 128 ni milisekunde 3 hivi, hiyo ndo eneo la kupigia. Afadhali piano ndogo inayojibu papo hapo. Na bado hatujaongelea kushusha GB 70 kwa bando la simu.

Ndo maana kama ni kulipia, kwa mazingira yetu mi nasimama na Pianoteq na sioni aibu kulirudia. Modartt, kampuni ya Toulouse Ufaransa, toka 2006 wao hawatumii sampo, kompyuta inakokotoa sauti yenyewe: nyundo imegonga kwa kasi gani, uzi una urefu gani, ubao unaitikia vipi. Faili lote ni makumi ya MB. Siyo GB, ni MB, unashusha kwa bando la siku. Hakuna matabaka, kwahiyo hakuna ngazi, kutoka upole kwenda nguvu ni mteremko mmoja laini, na nyuzi zinaitikiana pedeli ikiwa chini kwa sababu imekokotolewa hivyo. Inakula prosesa badala ya diski, na prosesa ya hizo laptopu za ofisini inaiweza ukipunguza idadi ya sauti kwa pamoja. Toleo la chini, Stage, ni yuro mia na kitu, haliruhusu kuchezea maiki na vitu vya ndani, na prodyuza hahitaji. Kuna wanaosema sauti yake ina kitu cha plastiki kwenye oktavu za katikati, nawaelewa, ukiiweka peke yake pembeni ya Noire utasikia Noire ina joto zaidi. Ila mpe mpiga piano zote mbili kwenye laptopu ya RAM 4 uone atabaki na ipi. Demo yao ni ya bure, inakata baada ya dakika 20 na noti kadhaa hazilii, inatosha kabisa kuamua.

Tahadhari moja kuhusu neno bure. Kuna piano nzuri sana za bure ambazo zinahitaji Kontakt kamili, programu ya kufungulia sampo ya Native Instruments, na Kontakt kamili ni ya kulipia. Wewe una Kontakt Player ya bure, unafungua, inapiga dakika 15 inazima. Siyo hitilafu, ndivyo ilivyopangwa. Angalia kabla hujamaliza bando kama ina toleo la SFZ, aina ya faili la sampo lisilodai Kontakt, kwa mfano Piano in 162 ya Ivy Audio, ile Steinway ya bure ya karibu GB 5, ina matoleo yote mawili, la SFZ linafunguka kwenye sforzando bila kudaiwa.

Na krak. Nimeshaona wimbo wa mteja uliolipiwa advansi ukishindwa kufunguka kwa sababu piano ya krak iligoma baada ya Windows kujisasisha, na faili la MIDI, lile la noti zenyewe, halikuhifadhiwa pembeni. Nimeshaona laptopu nzima imefungwa na virusi, kila faili limebadilishwa jina, na kuna ujumbe wa kudai dola. Aina fulani za virusi hivyo, kama STOP, zinasambazwa hasa kupitia hizi programu za krak, hilo linajulikana miaka mingi sasa. Kuna Salamander ya bure yenye matabaka 16, sielewi mtu anahatarisha kazi za wateja wake kwa ajili ya nini.

Mwenye dola 400 mkononi na anaanza, asimpe Spectrasonics kwanza. SSD (diski isiyozunguka), RAM, saundi kadi ndogo ya uhakika, kibodi yenye mguso na pedeli, hivyo vyote vinaingia kwenye hiyo pesa au vinaikaribia, na vinafanya piano zako zote za bure ziwe bora kwa mkupuo. Saundi kadi nyingine mpya zinakuja na leseni za programu ndani ya boksi, soma kile kikaratasi usikitupe, Focusrite kwa mfano zimewahi kuja na piano ya kompyuta ya Addictive Keys na watu hawakuisajili. Kulipia mtandaoni sasa hivi siyo mlima tena, Kenya kuna kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay toka 2022, na huku pia mitandao ya simu inatoa kadi za mtandaoni.

Na kwa wanaofanya amapiano na bongo fleva ya kuchezeka, piano halisi ya ukumbini pengine siyo mnachokitafuta hata kidogo. Ile piano kali ya haus inayokata kwenye spika za klabu ni ya Korg M1, kinanda cha 1988, ni ya bandia waziwazi na ndo uzuri wake. Log drum yenyewe, ile bezi ya mdundo ya amapiano, ilizaliwa kwenye FruityDX10, kaplagini kanakokuja bure ndani ya FL Studio ambako watu walikuwa wanakapita tu. Mtu alikafungua, akashusha oktavu, akazungusha vitufe, na leo sauti hiyo iko kwenye kila harusi kuanzia Johannesburg mpaka Mombasa. Fungua ulichonacho ukizungushe vitufe vyote kabla hujatoa kadi.